Nakala rudufu zinapokwama: jinsi ya kutafuta tatizo kati ya kompyuta ya ofisi na seva ya Linux

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya mtu aliyeachiwa kompyuta ya ofisi ndogo: mwalimu wa takwimu shuleni, karani wa zahanati, mweka hazina wa SACCOS, katibu wa BMU mwaloni. Mara nyingi mtu huyu hakusomea kompyuta. Alionekana anaelewa kidogo kuliko wenzake, akakabidhiwa funguo. Siku ikipotea orodha ya wanachama au rejista ya wagonjwa, yeye ndiye anayeulizwa.

Wengi wenu mnatusoma kwa simu. Kwa hiyo tumepanga hatua kwa hatua, ili uishike simu mkono mmoja na kufuata kwenye kompyuta kwa mkono mwingine.

Yaliyotukuta sisi

Tuanze na kosa letu wenyewe. Hapa kituoni tuna seva ndogo ya Linux inayokusanya nakala za vipindi kutoka kompyuta za studio kila usiku. Siku moja radi ilipiga, ruta ikaungua, tukaweka nyingine. Intaneti ikarudi, kila mtu akafurahi, kazi ikaendelea. Kumbe ruta mpya ilizipa kompyuta anwani mpya, na seva iliendelea kuitafuta kompyuta ya studio kwenye anwani ya zamani. Kila usiku ilishindwa, na kila asubuhi ilituma barua pepe kusema imeshindwa. Barua hizo zilikuwa zinakwenda kwa mwenzetu aliyekwisha kuhama kituo.

Tuligundua baada ya miezi mitano, siku diski ya kompyuta ya studio ilipokufa. Wiki hiyohiyo familia moja ya Ujiji ilikuja kuomba mahojiano ya mzee wao aliyefariki, ili wajukuu wasikie sauti yake. Tulimrekodi ndani ya miezi ile mitano. Hatukuwa na cha kuwapa.

Kurekebisha tatizo lenyewe kulichukua dakika kumi. Kilichotugharimu ni kutojua kwamba lipo.

Nakala rudufu ni nini, na nani anaongea na nani

Nakala rudufu, ambayo vijana huiita bakapu, ni nakala ya pili ya kazi yako iliyowekwa mahali pengine. Mkoa wetu una mfano wa zamani. Jane Goodall alifika Gombe mwezi Julai 1960, na tangu hapo watafiti, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, wamekuwa wakiandika habari za sokwe mtu mwaka hadi mwaka. Madaftari hayo hayakuachwa yategemee jengo moja kando ya ziwa. Kumbukumbu zilikusanywa pia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke, zikaingizwa kwenye kompyuta. Jengo likiungua au maji yakipanda, kazi ya miaka zaidi ya 60 haipotei.

Maji kupanda si jambo la kufikirika kwetu. Miaka ya karibuni tumeona ziwa likifika kwenye nyumba na mialo iliyokuwa mikavu. Ofisi yenye daftari moja na kompyuta moja haina pa kukimbilia.

Kwenye mtandao wa ofisi, kazi ya nakala rudufu hufanywa na pande mbili. Seva ni kompyuta inayopokea na kutunza. Kompyuta mteja ni ile yenye faili zinazotakiwa kunakiliwa. Ndani ya mteja kuna programu ndogo inayokaa macho ikisubiri kuitwa.

Tutatumia mfano wa Bacula, programu huria inayotumika sana kwenye Linux, ambayo ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2002. Haina ada ya leseni. Ina sehemu tatu za kukumbuka:

- Msimamizi, anayetoa amri na kupanga ratiba. Hutumia mlango namba 9101.
- Programu ya mteja, iliyoko kwenye kompyuta yenye faili. Hutumia mlango namba 9102.
- Mtunza ghala, anayeandika nakala kwenye diski. Hutumia mlango namba 9103.

Mlango hapa si tundu la waya. Ni namba inayoiambia kompyuta ujumbe huu ni wa programu ipi. Anwani ya kompyuta ni kama jina la mwalo, na mlango ni kama namba ya ghala ndani ya mwalo huo. Mzigo ukifika Kibirizi bila kutajwa ghala, hautapokelewa.

Katika mifano yetu seva ina anwani 192.168.1.10 na mteja ana anwani 192.168.1.20. Wewe weka za kwako.

Kabla ya kugusa chochote, soma

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza kubadilisha mipangilio bila kusoma kompyuta inasema nini. Kwenye seva andika:

sudo tail -n 50 /var/log/bacula/bacula.log

Utaona mistari 50 ya mwisho ya kumbukumbu. Tafuta neno Error au ERR. Nakili mstari huo kwenye karatasi au upige picha kwa simu. Angalia pia tarehe ya mara ya mwisho kazi ilipokamilika vizuri, kisha jiulize siku hiyo kilibadilika nini. Ruta mpya? Umeme ulikatika? Mtu alisakinisha programu? Mara nyingi jibu liko hapo.

Baada ya hapo fuata kanuni moja: anza karibu, nenda mbali. Usiruke hatua hata kama unadhani unajua tatizo.

Hatua ya 1: Umeme, waya na taa

Angalia kama kompyuta zote mbili zimewashwa. Kazi nyingi za nakala hufanyika usiku, na ofisi nyingi huzima kila kitu jioni ili kuokoa umeme au betri za sola. Seva haiwezi kuichukulia nakala kompyuta iliyolala.

Kisha angalia tundu la waya wa mtandao nyuma ya kompyuta na kwenye swichi. Taa zikiwa zimezimika, badilisha waya kwanza, halafu badilisha tundu. Panya hukata waya, na radi za masika huua tundu moja la swichi na kuacha mengine mazima. Halafu andika:

ip a

Hapo utaona anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na ruta. Tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, usilitafute kwingine.

Hatua ya 2: Je, zinaonana?

Ukiwa kwenye seva andika:

ping -c 4 192.168.1.20

Hii ni sawa na kuita ng'ambo, "Hodi, upo?" Ukiona mistari inayoanza na "64 bytes from", mteja amejibu. Ukiona "Destination Host Unreachable", hakuna kompyuta kwenye anwani hiyo: imezimwa, waya umekatika, au imehamia anwani nyingine kama ilivyotutokea sisi.

Kukiwa kimya kabisa na mwisho ukaona "100% packet loss", usihukumu haraka. Baadhi ya kompyuta, hasa za Windows, zimewekwa zisijibu hodi ya aina hii ingawa ni nzima. Nenda hatua ya 4 kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 3: Jina linaelekea wapi?

Mipangilio mingi haiandiki anwani kwa namba. Huandika jina, mfano studio1. Jina likielekea anwani ya zamani, seva itabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Andika:

getent hosts studio1

Linganisha namba inayotokea na ile uliyoiona kwenye mteja kwa ip a. Zikitofautiana, umeshapata tatizo. Ukiona "Name or service not known" kwenye kumbukumbu, jina hilo halijulikani kabisa.

Dawa ya haraka ni kurekebisha faili /etc/hosts kwenye seva. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuitengea kompyuta anwani isiyobadilika, ili umeme ukikatika na kurudi ipewe ileile. Andika anwani hizo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati la seva.

Hatua ya 4: Mlango uko wazi?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Ukiwa kwenye seva andika:

nc -zv 192.168.1.20 9102

Kuna majibu matatu, na kila moja linakupeleka mahali tofauti.

Likitokea neno "succeeded", au kwenye baadhi ya mifumo "Connected", mlango uko wazi. Nenda hatua ya 5.

Likitokea "Connection refused", mtumbwi umefika mwaloni na umejibiwa kwamba hapa hakuna wa kupokea mzigo huo. Njia ni nzima, mtandao ni mzima. Kinachokosekana mara nyingi ni programu kwenye kompyuta mteja. Nenda kwa mteja uandike:

systemctl status bacula-fd

Ikiwa imesimama, iwashe, na iamuru iwe inajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka:

sudo systemctl enable --now bacula-fd

Mstari huu una maana kubwa kwetu. Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kufika, na umeme kukatika bado tunaujua. Programu isiyojiwasha yenyewe hufanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike, kisha hunyamaza bila mtu kujua.

Kama programu inafanya kazi lakini mlango bado unakataa, andika kwa mteja:

sudo ss -tlnp | grep 9102

Ukiona 127.0.0.1:9102, umeshika kosa linalowapata wengi sana. Anwani 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe". Programu inasikiliza sauti ya ndani ya nyumba tu, wa nje hasikiki. Ubuntu na Debian huiweka hivyo tangu mwanzo kwa ajili ya usalama. Fungua faili /etc/bacula/bacula-fd.conf, tafuta mstari wenye FDAddress, weka anwani halisi ya kompyuta hiyo, hifadhi, kisha uiwashe upya programu:

sudo systemctl restart bacula-fd

Jibu la tatu ni "timed out". Mtumbwi umeondoka na haukurudi, na hakuna aliyesema lolote. Kama hatua ya 2 ilionyesha kwamba kompyuta inajibu, mara nyingi hapa kuna mlinzi wa mtandao, ambaye mafundi humwita fayawoli. Yeye hasemi hapana. Hutupa ujumbe kimyakimya. Kwa Ubuntu angalia kwa:

sudo ufw status

Ukikuta amewashwa, usimzime. Mpe ruhusa ya seva peke yake:

sudo ufw allow from 192.168.1.10 to any port 9102 proto tcp

Tunasisitiza neno "peke yake". Kuna mafundi ambao wakikwama huzima mlinzi wote, kazi ikapita, wakaondoka. Wameacha mlango wazi kwa kila anayeingia kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Hatua ya 5: Safari ya kurudi

Watu wengi huishia hatua ya 4 wakidhani wamemaliza, kisha usiku kazi inakwama tena. Sababu ni kwamba Bacula husafiri pande mbili. Kwanza msimamizi humwita mteja kwa mlango 9102. Akishapokea amri, ni mteja anayefunga safari kwenda kwa mtunza ghala kwenye mlango 9103 kupeleka mzigo. Njia ya kwenda ikiwa wazi na ya kupeleka mzigo imefungwa, utaona mteja anaitikia vizuri lakini hakuna faili linalofika.

Sasa kaa kwenye kompyuta mteja uandike:

nc -zv 192.168.1.10 9103

Soma majibu kama tulivyoeleza juu, ila safari hii programu na mlinzi wa kuangalia ni wa upande wa seva. Mtunza ghala naye anaweza kuwa anasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Mstari wake unaitwa SDAddress, kwenye faili la bacula-sd.conf.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kwenye faili la msimamizi, bacula-dir.conf, kuna sehemu ya Storage yenye mstari wa Address. Kama pameandikwa localhost, msimamizi atamwambia mteja, "Peleka mzigo localhost." Kwa mteja, localhost ni yeye mwenyewe. Ataanza kujitafutia ghala ndani ya kompyuta yake na hatalipata. Andika anwani halisi ya seva.

Hatua ya 6: Kutambulishana

Milango ikiwa wazi pande zote, lakini kumbukumbu ikitaja "authenticate" au "authorization", pande mbili zinaonana ila haziaminiani. Angalia mambo mawili: neno la siri lililoandikwa kwa msimamizi kwa ajili ya mteja huyo ni lilelile lililo kwa mteja, na jina la msimamizi limeandikwa sawasawa pande zote. Herufi moja kubwa mahali pa ndogo inatosha kukwamisha kazi. Jina hukosewa mara nyingi pale faili linaponakiliwa kutoka kompyuta nyingine bila kubadilishwa.

Hatua ya 7: Ghala limejaa?

Wakati mwingine mawasiliano ni mazima na tatizo ni nafasi. Kwenye seva andika:

df -h

Ukiona diski ya nakala iko 100%, hakuna kitakachoingia. Futa nakala za zamani kwa utaratibu wa programu yenyewe, au ongeza diski.

Wanaotumia diski ya nje ya USB waangalie zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, diski hiyo wakati mwingine haiungwi tena, na seva huandika nakala kwenye folda tupu ndani ya diski yake ndogo mpaka inajaa. Kama nakala zako ziko /akiba, andika:

findmnt /akiba

Kukiwa kimya, diski haijaungwa.

Kama uko kijijini na modemu

Mpaka hapa tumezungumzia kompyuta zilizo jengo moja. Ofisi ya kata au zahanati iliyoko Kalya, inayotumia modemu ya laini ya simu na kutaka kupeleka nakala Kigoma mjini, ina shida nyingine. Kwa kawaida mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje ya kushirikiana. Wewe unaweza kutoka, lakini seva ya mjini haiwezi kukupigia hodi, kwa sababu anwani yako ya ndani haionekani nje. Hata ufungue milango yote kwenye kompyuta yako, seva itapata "timed out" kila siku.

Suluhisho rahisi ni kugeuza safari: mteja ndiye aanze. Programu ya rsync ikipita ndani ya SSH, mlango namba 22, hufanya hivyo:

rsync -av --partial /srv/kumbukumbu/ nakala@anwani-ya-seva:/akiba/kumbukumbu/

Ina faida mbili kwa mwenye bando dogo. Hupeleka kilichobadilika tu. Na neno --partial huitunza sehemu iliyokwisha kufika, ili mtandao ukikatika katikati ya faili kubwa usianze upya. Ikikataa kuungana, andika ssh -v ikifuatiwa na anwani ileile, nayo itakueleza imekwama hatua gani. Seva ya mjini ifunguliwe kwa funguo za SSH badala ya maneno ya siri, maana mlango ulioko kwenye intaneti hugongwa na wezi usiku na mchana.

Wale wanaotegemea kuhifadhi kila kitu nje ya nchi kwa intaneti wakumbuke tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikasuasua kwa siku kadhaa. Ofisi yenye seva yake ndani haikuhitaji nyaya hizo kuchukua nakala ya usiku. Nakala moja ndani, nyingine mbali: zote mbili zinahitajika.

Saa nane usiku ni saa ngapi?

Kuna kosa linalotupata sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Ukitaka nakala ichukuliwe saa nane usiku, kwenye kompyuta unaandika 02:00. Ukiandika 08:00, kazi itaanza saa mbili asubuhi, watu wakiwa ofisini, mtandao ukawa mzito na faili zikiwa zimefunguliwa.

Kwetu mpakani kuna jingine. Burundi na mashariki mwa Kongo kunatofautiana na Tanzania. Bujumbura na Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, saa yake inaweza kurudi nyuma, na mtu akirekebisha saa ya seva kwa kuangalia simu hiyo atakosea. Andika:

timedatectl

Hakikisha imeandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Kama kompyuta ni ya zamani na kila umeme ukikatika inarudi mwaka wa nyuma sana, betri ndogo ya ndani imekwisha. Ibadilishe. Ni bei ndogo, lakini saa ikikosea, mawasiliano yaliyofungwa kwa vyeti vya usalama hukataliwa na ratiba zote huvurugika.

Mtihani wa mwisho: rudisha

Umepita hatua zote, na kumbukumbu sasa inasema kazi imekamilika. Usilale bado. Mara moja kwa mwezi chagua faili moja, mfano orodha ya michango ya Machi, uirudishe kutoka kwenye nakala mpaka folda nyingine, uifungue na kuisoma. Kwa Bacula unaingia bconsole na kuandika restore. Usiirudishe juu ya faili la asili.

Kisha hakikisha taarifa za kila asubuhi zinamfikia mtu aliyepo, na wawe wawili. Mmoja akihama, wa pili abaki. Na mkubaliane hivi: siku isiyofika taarifa yoyote ihesabiwe kuwa siku ya kushindwa.

Jambo la sheria nalo lisisahauliwe. Rejista ya wagonjwa au orodha ya wakopaji ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nakala yake ina siri sawa na ya asili. Diski ya nakala ifungiwe, isizunguke mitaani kwenye mfuko wa shati.

Cha kumwambia fundi kwa simu

Ukikwama na fundi yuko mbali, usimwambie tu "haifanyi kazi". Mpe majibu haya, naye anaweza kukusaidia bila kusafiri:

1. Mara ya mwisho nakala ilikamilika tarehe gani, na siku hiyo kilibadilika nini?
2. Anwani ya seva na ya mteja ni zipi leo?
3. Ping kutoka seva inajibu nini?
4. Mlango 9102 kutoka seva unajibu nini: wazi, umekataliwa, au kimya?
5. Mlango 9103 kutoka kwa mteja unajibu nini?
6. Mstari wa kosa kwenye kumbukumbu umeandikwa vipi, neno kwa neno?
7. Diski ina nafasi kiasi gani?

Maneno ya siri usiyataje kwenye simu wala kuyatuma kwa ujumbe.

Sisi tumebandika orodha hii ukutani karibu na seva, na chini yake tumeandika majina ya watu wawili wanaosoma taarifa kila asubuhi. Vipindi vya miezi ile mitano havikurudi. Tangu hapo, kila mwezi tunachagua kipindi kimoja cha zamani, tunakirudisha kutoka kwenye nakala na kukisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako, na umpelekee aliyekabidhiwa kompyuta ya kikundi chenu.